Watatokaje? Kisa cha kanisa lililozidiwa na watu wake, London 1854 hadi 1861

Ibada ya kwanza usharikani kwetu inatoka saa tatu kasoro robo. Ya pili inatakiwa ianze saa tatu kamili. Katika robo saa hiyo watu kama mia sita wanataka kutoka, wengine idadi hiyo hiyo wanataka kuingia, na wote wanapita geti moja ambalo upande wake wa kulia umeganda kwa kutu siku nyingi. Mlango wa kaskazini wa kanisa upo, lakini kwaya imepanga spika mbele yake, kwa hiyo ni kama haupo. Siku moja nilisimama pale na simu mkononi nikahesabu: tangu mchungaji atamke baraka mpaka mtu wa mwisho avuke geti, dakika 11. Ndani ya dakika hizo nilimwona mama mwenye mtoto mgongoni akirudishwa nyuma mara tatu na wanaoingia, akiomba njia kwa upole, "Samahani wapendwa, samahani," mpaka mzee wa kanisa alipomshika mkono akamvusha.

Mwaka huu nimeingizwa kwenye kamati ya ujenzi. Tumeshakaa vikao vinne na vyote vimetawaliwa na swali moja: jengo jipya lichukue watu wangapi? Wako wanaosema elfu moja na mia tano, wako wanaosema tusijibane, tuweke elfu mbili na nusu kwa imani. Hakuna aliyeuliza hao watu watatokaje. Hata mimi sikuuliza, mpaka nilipofuatilia hatua kwa hatua kisa cha kanisa moja la Wabatisti kusini mwa London katika karne ya 19. Ndani ya miaka saba kanisa lile lilijaribu kila dawa tunayoijadili sisi leo: kupanua, kugawa ibada, kukodi ukumbi, na mwisho kujenga upya. Moja ya hatua hizo iliua watu saba.

Kanisa la bondeni

Kanisa lenyewe liliitwa New Park Street Chapel, Southwark, ng'ambo ya kusini ya mto Thames. Jengo lile lilikamilika mwaka 1833, baada ya jengo lao la zamani kubomolewa kupisha barabara ya daraja jipya la London. Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Makanisa kadhaa ya kwetu yamewahi kuamka yakakuta alama ya X nyekundu ukutani. Walipohama walijenga mahali pabaya. Palikuwa bondeni, karibu na mto, maji yakijaa mara kwa mara, viwanda vimezunguka kila upande. Daraja lililokuwa karibu nalo lilikuwa la kulipia, kwa hiyo mtu mwenye gari la farasi aliyetaka kuja kusali kutoka ng'ambo ya pili alilazimika kwanza kutoa hela. Jengo lilikuwa na nafasi ya watu 1,200, na kwa miaka ya mwanzo ya 1850 nafasi nyingi zilikaa tupu.

Tarehe 18 Desemba 1853 alikuja kuhubiri kijana wa miaka 19, Charles Haddon Spurgeon, aliyekuwa akichunga kanisa dogo la kijijini Waterbeach, karibu na Cambridge. Aprili 1854 wakamwita awe mchungaji wao. Daftari la washirika lilikuwa na majina 232. Kabla mwaka haujaisha, watu walikuwa wanakaa kwenye njia za katikati ya viti na kusimama kuta zote.

Kilichowaumiza kwanza ilikuwa hewa, kabla hata ya nafasi. Taa zilikuwa za gesi, zinazokula hewa kama watu, na vioo vya madirisha ya juu havikufunguka. Mchungaji aliwaomba mashemasi zaidi ya mara moja watoe baadhi ya vioo hivyo. Hawakufanya. Asubuhi moja vikakutwa vimevunjwa vingi. Spurgeon akapendekeza itangazwe zawadi kwa atakayempata mhusika, na zawadi hiyo apewe mhusika mwenyewe. Baadaye alikiri kwamba fimbo iliyofanya kazi ile alikuwa anaifahamu vizuri. Nakitaja kisa hiki kidogo kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wachungaji wengi wa kwetu wanalijua: wazee wa kanisa wanaweza kuona watu wanazimia kwa joto na bado wakasema suala la madirisha tutalijadili kikao kijacho.

Jambo la ukuta lilikwenda hivyo hivyo. Jioni moja, akiwa mimbarini, aligeuka akauonyesha ukuta wa nyuma yake, akasema kwamba kwa imani kuta za Yeriko zilianguka, na kwa imani ukuta huu nao utaanguka. Baada ya ibada shemasi mmoja mzee, mtu wa tahadhari, akamwambia wasiyasikie tena maneno yale. Akajibiwa kwamba hatayasikia tena siku itakapokuwa imeshafanyika.

Walipanua, na umati haukuwasubiri

Mwanzoni mwa 1855 ikafanyika. Ukuta ukabomolewa, jengo likaongezwa kwa gharama ya pauni 2,000. Mafundi walipokuwa kazini kanisa lilihitaji pa kuabudia, wakakodi Exeter Hall, ukumbi mkubwa uliokuwa barabara ya Strand, ng'ambo ya pili ya mto, katikati kabisa ya mji, uliochukua watu zaidi ya 4,000. Walikuwa huko kuanzia 11 Februari hadi 27 Mei.

Miezi hiyo mitatu na nusu inastahili kuangaliwa kwa utulivu. Wakati mafundi wanaongeza nafasi ya mamia machache kule Southwark, mhubiri yuleyule alikuwa anahubiri kila Jumapili kwenye ukumbi wenye nafasi zaidi ya mara tatu ya kanisa lake, mahali ambapo kila mtu anapita, na ukumbi ukawa unajaa. Strand ikaziba kwa magari ya farasi. Magazeti yakaanza kumwandika, mengi kwa kumdhihaki, na kila aliyesoma dhihaka zile alitaka aje ajionee mwenyewe. Jengo lililopanuliwa lilipofunguliwa tarehe 31 Mei, lilikuwa limepimwa kwa umati wa mwaka uliopita, na umati wa mwaka uliopita haukuwepo tena. Lilijaa mara moja na watu wakabaki nje. Spurgeon mwenyewe alikuja kufananisha jaribio lile na kutia bahari ndani ya birika.

Sisi tumeyaona haya. Tulipojenga upenu wa kusini tulihamia kwenye maturubai katika uwanja wa shule ya msingi ya jirani kwa miezi miwili. Turubai halina ukuta. Waliokuwa wanapita kwenda gengeni walisimama kusikiliza kwaya, wakavutiwa kiti cha plastiki wakakaa, wiki iliyofuata wakaja na majirani. Tuliporudi, upenu ulijaa Jumapili ya kwanza, na kamati ya wakati ule ikashangaa kana kwamba watu wale wametoka mbinguni.

Wapo wanaosema zile pauni 2,000 zilipotea bure. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Laiti wangekodi Exeter Hall kwanza, kwa miezi michache, bila kugusa ukuta wowote, wangejua ukubwa wa kweli wa kanisa lao kwa bei ya pango tu. Walilijua hilo wakiwa wameshamlipa fundi. Kwa usharika ambao haujawahi kuabudu mahali penye nafasi ya kutosha, takwimu za mahudhurio zinapima jengo, hazipimi watu. Ukiwa na viti mia sita na vyote vimejaa, daftari la mahudhurio litasoma mia sita hata kama wanaotamani kuja ni elfu tatu.

Mpangaji

Juni 1856 wakajaribu njia ya kati: asubuhi wakae kwao New Park Street, jioni wakodi tena Exeter Hall. Ni kama sisi tunavyogawa ibada ya kwanza na ya pili, ila wao waligawa kwa majengo. Ilisaidia kwa muda. Kisha wenye ukumbi wakasema hawawezi kuendelea kumpangisha mhubiri wa dhehebu moja mfululizo. Hapakuwa na ugomvi. Mwenye nyumba amesema, mpangaji anafungasha.

Oktoba mwaka huohuo kanisa lilifanya mkutano mkubwa wa kwanza wa kuzungumzia ujenzi wa jengo kubwa jipya. Lakini ujenzi ni miaka, na Jumapili inakuja kila baada ya siku saba. Walihitaji pa kukaa katikati. Palikuwa na ukumbi mpya wa muziki ndani ya bustani za Royal Surrey Gardens, Walworth, uliofunguliwa Julai 1856 mahali palipokuwa bustani ya wanyama. Ulikuwa na roshani tatu, moja juu ya nyingine, na nafasi ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Wakati ule hapakuwa na kanisa huru, yaani lisilo la Kanisa la Anglikana la serikali, lililokuwa limethubutu kukodi ukumbi wa burudani mkubwa namna ile kwa ibada ya Jumapili. Watu wengi waliona ni dharau kwa ibada. Spurgeon alikuwa na miaka 22, baba wa mapacha wa mwezi mmoja.

Jioni ya 19 Oktoba 1856

Ilikuwa Jumapili. Watu walianza kufurika mitaani saa nyingi kabla. Milango ilipofunguliwa ukumbi ulijaa chini, ukajaa roshani zote tatu, ukajaa ngazi na korido, na nje bustanini wakabaki maelfu waliokosa pa kuingia. Mhubiri alipofika na kuona umati ule alitishika, na wakaanza ibada mapema kuliko ilivyopangwa.

Wimbo ukaimbwa, neno likasomwa. Alipokuwa katika maombi, sauti zikapigwa ndani ya ukumbi: Moto! Roshani zinaanguka! Jengo linaporomoka!

Hapakuwa na moto. Roshani zilikuwa imara. Lakini watu walikimbilia ngazi, na ngazini wakakutana na wengine. Nimesoma sehemu hii mara nyingi, na kila mara narudi kwa yule mama pale getini kwetu. Wale waliokuwa nje walikuwa wameisubiri nafasi kwa masaa. Walipoona watu wanatoka, wakadhani nafasi imepatikana, wakasukuma kuingia. Waliotoka walikuwa wanakimbia kifo, walioingia walikuwa wanakimbilia ibada, na wote wakakutana kwenye njia moja. Uzio wa ngazi mojawapo ukakatika kwa uzito wa miili, watu wakaanguka, wengine wakapita juu yao.

Walikufa saba. Wengine 28 walipelekwa hospitali wakiwa wameumia vibaya. Kule mbele, mhubiri hakujua. Kutoka jukwaani aliona msukosuko unatulia, akasikia sauti zikimtaka ahubiri, akajaribu kuendelea, kisha akawaomba watu watoke taratibu. Alipoambiwa kwamba kuna maiti zimelazwa nyasini nje, nguvu zilimwishia, wakamtoa amebebwa. Walioanzisha kelele zile hawakuwahi kutiwa hatiani.

Wengi wanaosimulia kisa hiki wanaishia kwa wale waliopiga kelele, na ni kweli waliyoyafanya ni uovu. Ila mimi nakaa kwenye kamati ya ujenzi, na mtu wa kamati hawezi kujitetea kwa kusema kulikuwa na waovu. Kelele ya "moto" inaweza kupigwa na mtoto, na mtu aliyeona moshi wa jenereta, na nyaya za spika zikitoa cheche. Kinachoamua kama kelele ile itaua ni upana wa ngazi, idadi ya milango, na kama kuna mtu aliyesimama mlangoni mwenye mamlaka ya kuwazuia wanaoingia ili wanaotoka wapite. Ukumbi wa Surrey Gardens ulijengwa kwa ajili ya watu waliokuja kusikiliza muziki, wakatembea bustanini, wakaingia na kutoka kidogo kidogo. Jioni ile ulibebeshwa watu waliokuja kwa wakati mmoja kwa nia moja, na kabla ya siku ile hakuna aliyewahi kuona umati wa aina hiyo ukitoka kwenye jengo lile.

Na wala si jambo la Wazungu wa zamani. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa kidini uwanjani, jioni, wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Walikuja kuombewa. Familia zao zipo, na nadhani kila kamati ya ujenzi nchini ingepaswa kuanza kikao chake cha kwanza kwa kuwakumbuka kwa dakika moja, kisha ifungue ramani.

Kurudi

Marafiki walimpeleka Spurgeon kwenye nyumba moja Croydon, nje kidogo ya mji. Kwa siku kadhaa akili yake ilikaribia kuvunjika. Magazeti yalimshambulia vikali. Yako yaliyoandika kana kwamba yeye ndiye aliyewaua. Alisimulia baadaye kwamba siku moja, akitembea bustanini, maneno ya Wafilipi 2 kuhusu jina la Yesu lililo juu ya kila jina yalimjia kwa nguvu na akapata pumzi. Tarehe 2 Novemba alisimama tena mimbarini kwao New Park Street. Tarehe 23 Novemba walirudi Surrey Gardens, ukumbi uleule.

Kurudi kwenyewe kulihitaji moyo, ila mimi navutiwa zaidi na badiliko moja dogo: ibada ya ukumbini ikahamishwa kutoka jioni kwenda asubuhi. Mchana unaona ngazi, unaona mlango, unaona kwamba hakuna moto, na umati wa asubuhi huwa mdogo na mtulivu kuliko wa usiku. Waliendelea hapo kwa miaka mitatu bila maafa mengine, na asubuhi ikaleta watu wa tabaka ambao jioni hawakuwa wanakuja, wakiwemo waheshimiwa wa serikali. Ratiba ni sehemu ya jengo. Kwetu tunaijadili kama mambo ya kwaya na mahubiri, wakati robo saa yetu kati ya ibada mbili ni kosa la ujenzi kama vile nguzo iliyopinda.

Kulikuwa pia na siku moja ya ajabu, 7 Oktoba 1857, siku ya toba ya taifa kwa sababu ya maasi ya India dhidi ya utawala wa Waingereza, alipohubiri Crystal Palace mbele ya watu 23,654. Idadi hiyo wachambuzi wanaipenda sana. Mimi naipita tu, maana mkutano wa siku moja hauhusiani na kulea kanisa wiki hadi wiki.

Mwishoni mwa 1859 kampuni ya Surrey Gardens ikaamua kufungua ukumbi kwa burudani za Jumapili jioni. Spurgeon alikuwa ameshasema kwamba siku hiyo ikifika ataondoka, na akaondoka; Jumapili yake ya mwisho hapo ilikuwa 11 Desemba 1859. Wakarudi Exeter Hall. Kwa mara ya pili mwenye nyumba alikuwa amewapangia maisha, na sasa kila mshirika alielewa, bila kuhubiriwa, kwa nini wanahitaji kiwanja chao.

Kiwanja, fedha na ramani

Kiwanja kilikuwa kimeshapatikana Newington, karibu na Elephant and Castle, mahali panapokutana barabara kubwa kadhaa za kusini mwa London. Linganisha na bonde la mwanzo na utaona wamejifunza. Kilikuwa mali ya Fishmongers' Company, chama cha kale cha wafanyabiashara wa samaki, na kanisa lilisisitiza kupata umiliki kamili. Hawakutaka kujenga juu ya ardhi ya pango. Kwetu hapa naomba niseme wazi. Najua makanisa yaliyojenga kwa hati ya mkono iliyosainiwa mbele ya balozi wa nyumba kumi, na siku familia ya muuzaji ilipogombana, ibada ikawa inafanyika polisi wakiwa getini. Hati kwanza, msingi baadaye.

Jiwe la msingi lilikuwa limewekwa 16 Agosti 1859, kabla hawajaondoka Surrey Gardens, na Sir Samuel Morton Peto, mkandarasi mashuhuri wa reli na mbunge, Mbatisti mwenzao. Mchoro uliochaguliwa ulikuwa wa William Willmer Pocock, mjenzi alikuwa William Higgs. Spurgeon alitaka mtindo wa Kigiriki, nguzo ndefu mbele na ngazi pana, kwa hoja kwamba Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki. Hoja hiyo hainishawishi sana kama hoja ya ujenzi. Lakini ilikuwa na faida ambayo inaonekana ukiingia ndani: jengo la Kigothi, mtindo wa makanisa ya kale ya Ulaya, lina nguzo nene na pembe za giza, la kwao lilikuwa ukumbi mmoja wenye roshani mbili zinazozunguka, nguzo nyembamba za chuma, na mahali pa mbatizaji na mhubiri panaonekana kutoka kila kiti.

Gharama zilifika pauni 31,332, na hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi. Waliazimia kutofungua jengo likiwa na deni. Kwa miaka minne na zaidi Spurgeon alizunguka nchi nzima akihubiri siku za wiki, na mahali pengi sadaka iligawanywa nusu kwa nusu: nusu inabaki kwa kanisa la pale, nusu inakwenda London. Nimeupenda mpango huo. Sisi harambee yetu inaita wageni waje watuchangie, wanakula pilau wanaondoka. Wao walikwenda kwa wenzao na kuwaachia kitu. Kulikuwa na matajiri waliotoa kwa maelfu, kulikuwa na watumishi wa majumbani waliotoa senti zao, na kulikuwa na mnada na soko la vitu vilivyoshonwa na akina mama. Zidisha kuku na mikungu ya ndizi ya mnada wetu wa baada ya ibada na umepata picha.

Jengo likaitwa Metropolitan Tabernacle. Lilifunguliwa kwa mfululizo wa mikutano kuanzia Machi 1861, likiwa limelipiwa lote. Kwa waliokaa na waliosimama lilichukua watu wapatao 6,000.

Nikitembea kutoka kwangu kwenda kituo cha daladala napita makanisa mawili yenye nguzo zilizosimama bila paa, nondo zimechomoza juu zimeota kutu, na bango la mchoro wa jengo la kifahari limepauka kwa jua. Mojawapo lina miaka tisa hivyo. Washirika wake wanasali kwenye banda la mabati pembeni, banda ambalo wangeweza kulipanua na kulitolea milango kwa sehemu ndogo ya fedha iliyolala kwenye zile nguzo. Siwacheki, maana najua imani na jasho lililopo pale. Nasikitika tu kwamba walianza na ukubwa wa ndoto yao kabla ya kupima ukubwa wa mfuko wao, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia Baba Mchungaji.

Baada ya kufunguliwa

Utaratibu wa mlangoni ndio ulionionyesha kwamba Oktoba 1856 haikusahaulika. Washirika walikuwa na tiketi, wakaingia kwanza, taratibu, kwenye sehemu zao. Dakika tano kabla ya ibada, na si kabla ya hapo, milango ilifunguliwa kwa watu wengine wote, nao wakajaza nafasi zilizobaki. Hakukuwa tena na bahari moja ya watu inayosukuma mlango mmoja kwa wakati mmoja.

Na bado lilijaa. Kwa hiyo Spurgeon akafanya jambo ambalo nimelisimulia kwenye kikao chetu na likazua ukimya: mara kwa mara aliwaomba washirika wake wakae nyumbani Jumapili moja jioni, wawaachie wageni viti. Walikubali. Mzee mmoja wa kwetu, ambaye kiti chake cha safu ya pili kinajulikana na usharika mzima, alifikiri kwa muda mrefu kisha akauliza kama angeruhusiwa kusimama nje akawapokea hao wageni. Nilitamani kumkumbatia.

Inabaki hoja inayoletwa na vijana wa kamati yetu: kwa nini kujenga jengo la watu 6,000? Si wangefungua mitaa, yaani makanisa madogo madogo sehemu nyingine? Ukweli ni kwamba walifanya yote mawili. Tangu 1856, mwaka uleule wa maafa, Spurgeon alikuwa ameanzisha chuo cha wachungaji, kikianza na mwanafunzi mmoja, na wahitimu wake walianzisha makanisa mapya kila pembe ya London na mbali zaidi. Washirika waliombwa wahame na kwenda kuyaanzisha. Hata hivyo daftari lililokuwa na majina 232 mwaka 1854 lilikuwa na 5,311 mwishoni mwa 1891. Nikiwapima leo nasema mitaa ilifanya kazi kubwa kuliko jengo. Spurgeon alikufa 31 Januari 1892. Jengo liliungua 1898, likajengwa tena, likapigwa bomu 1941, na lililopo leo ni dogo kuliko lile la kwanza. Zile nguzo za mbele ndizo zilizopona mara zote mbili, na bado zimesimama Elephant and Castle. Kwa kuwa mitaa ilifanya zaidi ya jengo, kwenye kamati mimi napiga kura ya jengo la watu 1,200 lenye milango minane, na mitaa miwili, kabla ya jengo la watu 2,500 lenye milango mitatu.

Kura yangu bado ni moja kati ya kumi na tatu. Ila Jumamosi iliyopita mwalimu wa kwaya alikubali spika zihamie upande wa vestri, chumba cha kuvalia mavazi ya ibada, na mlango wa kaskazini ukafunguka kwa kelele iliyowafanya watoto wacheke. Fundi chuma wa mtaani alikuja na grainda akakata bawaba zilizoganda za geti, akaweka mpya, hakutaka malipo zaidi ya bei ya bawaba. Jumapili vijana wawili wenye fulana za njano walisimama getini wakawazuia wa ibada ya pili nje, chini ya mwembe, mpaka wa kwanza walipoisha. Nilisimama palepale na simu. Dakika nne na sekunde ishirini. Kikao cha tano ni Alhamisi saa kumi na moja jioni, na ajenda ya kwanza, mwenyekiti ameshaiandika kwa mkono wake, ni milango.